Baba Wawili wa Kukodi

Shughuli nzima ilinigharimu randi elfu thelathini na sita na mia tano. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili imenichoma. Elfu thelathini ilikuwa nusu ya mahari. Elfu tatu na mia tano zilikwenda kwenye suti za kukodi, na mablanketi na chupa ya brandi ya kuwatunza wakwe. Elfu tatu zilizobaki ulikuwa ujira wa baba zangu wawili, baba mkubwa na baba mdogo, niliowakodi mtaa wa Berea kwa siku moja.

Mimi ni muuza mbao. Nina yadi ndogo mtaa wa Doornfontein, nauza mbao zilizokwisha kutumika: paleti, mbao za kumwagia zege, milango iliyong'olewa. Biashara imechangamka kwa sababu mji unagawanywa vyumba. Ofisi aliyokaa bosi mmoja jana, leo wanalala watu sita, na kila ukuta kati yao unataka mbao. Wenye majumba wakaanza kunibembeleza, nami nikaanza kujiona mtu.

Binti alikuja kununua mbao za kazi zake za chuo. Anasomea usanifu wa majengo. Baba yake ni Msauzi aliyerudi kutoka uhamishoni, mama yake ni Mtanzania aliyemfuata mumewe huku. Kiswahili cha binti ni cha kuokoteza jikoni kwa mama.

"Kaka, hii mbao iko na misumari. Nalipa nusu."

"Misumari ni nyongeza, dada. Sikutozi."

"Basi mimi nang'oa, wewe nalipa mimi kazi."

Akaondoka na mbao kwa nusu ya bei. Sijawahi kushushwa hivyo. Niliingiwa na hofu papo hapo, maana mtu anayekushusha bei huku mnacheka anaweza kukushusha popote.

Mwaka haujaisha nikawa nimekaa sebuleni kwao, kwenye kochi jeupe ambalo niliogopa kuliegemea. Baba yake akaniuliza ukoo wangu ni watu gani.

"Ni watu wa mbao, baba."

"Wanasafirisha?"

"Wanasafirisha," nikasema.

Sikudanganya. Baba yangu mdogo kule Kigoma anasafirisha mbao kutoka msituni mpaka barabarani, begani kwake. Ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, na aliuza mbao za paa lake mwenyewe ili mimi nipate nauli ya kuja huku. Nikamwaza juu ya zulia la sebule ile, na viganja vyake vilivyopasuka. Niliogopa wangemtazama yeye, halafu wageuke wanitazame mimi upya.

Huku bwana harusi hajisemei. Baba zake wanafika getini asubuhi na mapema, wanabisha hodi kwa majina ya ukoo, na wakiruhusiwa wanaweka mezani pesa ya kufungulia mdomo, ndipo maneno yaanze. Bwana harusi anajificha. Kwa hiyo nikakodi fundi cherehani Mrundi awe baba mkubwa, na mlinzi Mkongomani mwenye sauti nzito awe baba mdogo. Niliwafundisha jina la babu, kijiji chetu, nani alikufa mwanzo. Lugha sikuihofia. Kwa masikio ya mzee, baba yake binti, Kiswahili chote ni kimoja, na mama mtu sikumhesabu, maana wanawake hawakai kwenye mazungumzo hayo.

Siku yenyewe niliegesha pikapu kwenye kona ya mtaa wao. Ni mtaa usio na mtu anayetembea kwa miguu. Wiki ile watu walikuwa wameandamana mjini na marungu wakitaka wageni turudi kwetu, na yadi nilikuwa nimeifunga. Gari la walinzi likapita polepole, likaenda, likarudi. Niliweka mikono juu ya usukani ionekane. Simu ilikuwa kimya. 

Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa. Akatoka mama mkwe, amejitanda khanga juu ya gauni la sherehe, ana sahani ya pilau. Akaingia garini, akafunga mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula kwanza, maana nitakayosema yatakukaba."

Sikula.

"Baba yako mkubwa simgombi. Mrundi na nyie Waha wa Kigoma ni majirani, angenipita hata mimi. Lakini huyu mdogo! Namkaribisha chakula, ananijibu, 'Merci maman, iko muzuri sana.' Bibi yako alikuwa anazaa kwa kufuata ramani?"

"Baba mdogo alifanya kazi Lubumbashi, mama. Miaka mingi."

"Usinipunguzie bei. Umewakodi?"

"Nimewakodi."

"Kiasi gani?"

"Elfu na mia tano kila mmoja."

"Umepigwa."

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni nikaacha.

"Mimi niliolewa haraka haraka," akasema, "baba yangu hakuitwa. Alikufa bila kunipa neno. Aliyekulea yuko hai?"

"Yupo. Baba mdogo."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mume wangu hajui, na leo hatajua. Lakini siku ya nusu ya pili, kiti kile akikalie yeye. Asipokikalia, nitasema mimi, na binti haendi."

Akashuka. Sahani akaniachia.

Baba zangu wakatoka mchana wakiimba. Mzee amekubali, wakasema, na amempenda mno baba mdogo. Kumbe wamepeana na namba za simu. Mpaka leo mzee humpigia yule mlinzi kila Jumapili wazungumze mpira, na kila Jumapili mimi nampigia mlinzi kuuliza ameropoka nini. Binti ananiuliza mbona nakonda, namwambia kazi.

Nusu ya pili imewekwa baada ya Pasaka. Mzee atashangaa kuona baba mdogo mwingine kitini, lakini hilo ni la baadaye; baba mdogo wa kweli, wa Kigoma, hajui lolote. Juzi alinipigia akaniambia ameshachagua mninga wa kitanda changu, ameuficha uvunguni kwake, anangoja tu nimwambie posa lini, aje kunisemea. Kwetu mahari hutamkwa na mdomo wa aliyekulea. Akisikia mdomo mwingine umemtangulia, tena wa kukodi, anaweza kuninyima radhi yake, na ndoa isiyo na radhi sijui mtu anaishije ndani yake. Waandamanaji nawafungia yadi. Hili sina pa kulifungia.

Sasa wewe unayesoma, hasa kama umewahi kumkosea mtu aliyekulea ukapona, nishauri. Nimwambie kwenye simu, hasira zimshike akiwa kule kwake na nauli sijatuma, au nitume nauli kwanza, aje, nimwambie akiwa amesimama mbele yangu?