Mfalme Asiye na Mikono

Mzee Fransis Nampunda wa Chang'ombe akichonga kitu, kitu chenyewe husahau kuwa ni mti. Kuna mwaka alichonga chatu, akamlaza barazani apigwe na upepo. Mtaa mzima ukahama mpaka saa nane mchana, na wapo waliohama siku ile ambao hadi leo hawajarudi. Ukibisha, kamuulize mkewe, Mauwa, aliyeanika kanga zake juu ya chatu yule.

Pamoja na ufundi huo wote, miaka hamsini tangu atoke Newala na tezo lake begani, jina lake halikuwahi kuandikwa popote. Vinyago vyake vinapanda ndege, vinakaa kwenye sebule za watu huko ng'ambo, naye hajulikani. Mnunuzi akiuliza nani kachonga, muuzaji hujibu, "Wamakonde." Utadhani Wamakonde wote walishika patasi moja.

Ndiyo maana alipokuja Shehnaz, binti wa Kihindi anayefundisha historia kwenye shule moja kule Madale, mzee hakuuliza hata bei.

"Nataka watawala watano, mzee, wale waliokuwa wakatili kupita wote duniani. Ni kwa ajili ya maonesho ya shule. Na chini ya kila mmoja nitaandika jina lako."

"Jina lote?" akauliza Mzee Fransis. "Na la marehemu baba?"

"Lote."

Wiki ile habari ya jina ilifika kwa fundi viatu, kwa muuza maji, na kwa mbuzi wa jirani.

Lakini Mzee Fransis ana mwiko wake: hachongi mtu kabla ya kuzijua habari zake. Picha peke yake haimtoshi. Basi kila Jumamosi Shehnaz alikuja, akatoa shikamoo, akaketi kwenye kigoda na kusimulia, na tezo likafuata maneno. Mauwa alikuwa pembeni akikaanga mihogo, hakimu ambaye hakuna aliyemteua.

"Huyu Nero wa Roma alimuua mama yake mzazi."

"Weee! Mama aliyembeba tumboni?" Mauwa aliruka. "Mume wangu, mpunguzie masikio huyo. Hayakumsaidia kitu."

Masikio yakapunguzwa.

Jumamosi ya pili akaja Ivan wa Urusi. "Alimpiga mwanawe kwa fimbo mpaka akafa, halafu akajuta maisha yake yote."

"Majuto ni mjukuu," alisema Mauwa, akigeuza mihogo. "Sasa yeye kamuua wa kumzalia mjukuu, huyo majuto kampata wapi?"

Ya tatu ilikuwa ya Chingiz Khan, aliyefuta miji kwa farasi wake, na Mauwa anaapa kuwa asubuhi yake alikuta alama za kwato barazani. Ya nne ilikuwa ya Hitler. Siku hiyo Mauwa hakutania. Mihogo iliungua.

Likabaki gogo moja tu la mpingo.

"Huyu ni Leopold, mfalme wa Ubelgiji," alisema Shehnaz. "Nchi nzima ya Kongo aliifanya mali yake, kama mtu na shamba lake, na hakuikanyaga hata siku moja. Watu walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira. Ukipungua, askari wake wanakata mikono."

"Mikono?"

"Mikono, mzee. Hata ya watoto. Wanaijaza kwenye vikapu."

Tezo likanyamaza. Mzee Fransis aliutazama mkono wake wa kulia. Una vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kupasua mbao alipokuwa kijana. Kwa sababu ya viwili hivyo tu, alikaa miezi saba akilishwa na Mauwa kama kinda la njiwa, na mwaka mzima akijifunza upya kushika tezo.

Jumamosi iliyofuata Shehnaz alikuja kuchukua mzigo. Wanne walikuwa wamesimama. Wa tano alikaa kitini, ndevu zake kama ufagio wa chelewa, kifua kimejaa nishani. Na mikono ya koti lake ilipoishia, hapakuwa na kitu. Palikuwa laini, pamepigwa msasa vizuri.

"Mzee, mbona huyu hana mikono? Pichani anayo."

"Pichani anayo."

"Mkuu wa shule kasema vifanane na picha, la sivyo havipokei. Na maonesho ni Jumatatu! Huwezi kumuungia?"

"Mpingo hauungwi, mwanangu. Na hata ungeungwa, mie nisingeunga. Wale wanne nimewapa mikono na uovu wao wote. Huyu nilipofika hapo, mkono wangu uligoma. Kama haifai, futa jina langu kwenye vyote vitano. Lakini mikono simpi."

"Baba Editha," alisema Mauwa taratibu, "si ulisema litaandikwa hadi jina la marehemu?"

"Nilisema." Akachukua msasa, akaanza kusugua kigoda ambacho hakikuwa na kosa.

Shehnaz alivifunga vinyago kwenye kanga za Mauwa, akaondoka bila kuahidi chochote.

Jumatano akarudi na gari. "Twendeni," alisema, sauti imemkauka kwa kusimulia.

Huko Madale wanafunzi walikuwa wanampita Nero, wanampita Ivan, hata Chingiz na Hitler wanawatazama kidogo tu. Kwa Leopold wanasimama, wanabanana.

"Tichaa, mikono yake iko wapi?"

Na Shehnaz anasimulia tena. Nyuma ya watoto alisimama mkuu wa shule, amekunja mikono kifuani, anasikiliza, na hakusema habari ya picha.

Chini ya kinyago palikuwa na kikaratasi. Mzee Fransis hajui kusoma, wala Mauwa. Mzee akainama, akaweka vidole vyake vitatu juu ya maandishi.

"Yanasemaje?" akamuuliza Shehnaz.

"Kazi ya mikono ya Fransis Nampunda, Chang'ombe."

"La baba ni lipi?"

"Hili refu."

Akalifuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia, polepole, kama anayetafuta ufa kwenye mti.

Mauwa aliinama naye, akakikodolea macho kile kikaratasi.

"Mikono wameisifu," akamnong'oneza. "Shukuru hawajahesabu vidole."