Debe la Chai na Unga wa Jiwe Jeupe

Mama yangu ameuza chai katika yadi ya mizigo ya reli tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Mwaka huu, siku chache kabla sijarudi likizo kutoka shule ya bweni, cheche ya jiko la mtu mwingine iliangukia magunia ya maua makavu ya pareto. Ilizimwa kwa kukanyagwa tu, lakini nyapara wa makuli akasema basi, moto usionekane tena ndani ya yadi. Anayetaka kuuza chai aipike kwake.

Kwetu ni Bondeni, si mbali. Shida ni kwamba wauzaji hupitishwa langoni saa moja asubuhi tu, askari akague pasi zote kwa mpigo, na makuli hawapumziki hadi saa nne. Saa tatu nzima sufuria inakaa kwenye upepo wa Nakuru. Nilikwenda na mama siku ya kwanza ya likizo nikaona kwa macho yangu. Kuli mmoja alionja, akageukia wenzake.

"Mama ametuletea maji ya kuoga leo. Sabuni iko wapi?"

Wakacheka. Mama naye akacheka, lakini namjua, alikuwa ameumia. Nyapara akamwita kando. "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hawa watu wanataka kitu cha moto. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ikiwa ni hivi hivi, nitamwambia yule mwenye hoteli ya karibu na lango alete yake."

Zilibaki siku kumi na mbili. Mama hana kazi nyingine, na ada yangu inatoka katika chai ile.

Mimi si mtu wa kusema. Darasani nikilijua jibu huliandika pembeni mwa daftari nikaliacha hapo. Ndiyo maana sikumwambia mama lolote njiani, ingawa tayari nilikuwa nafikiria themosi. Muhula uliopita mwalimu wetu wa sayansi alituletea themosi iliyopasuka, akatuonyesha chupa mbili, moja ndani ya nyingine, zimepakwa kitu cha kung'aa kama kioo. Akatuambia katikati yake hamna kitu, hata hewa haimo, na kwa hivyo joto halina njia ya kutokea. Nilipenda sana wazo hilo, kwamba kuna mtu aliyetumia utupu kama fundi anavyotumia mbao.

Utupu siwezi kuutengeneza. Lakini mjomba wangu, kaka yake mama, anaendesha lori linalochukua jiwe jeupe kwenye machimbo ya upande wa Gilgil. Jiwe lile ukiliinua unashangaa, ni kama umeinua mkate. Mwalimu alisema ni maganda ya vijidudu vya ziwa la zamani, madogo hayaonekani kwa macho, na kila ganda lina vitundu vilivyoshika hewa. Na mjomba husema boila za garimoshi hufunikwa kwa unga wake. "Ndani maji yanachemka," anasema, "na wewe nje unaweza kuegemea ukapiga soga."

Jioni hiyo nilimwomba mjomba gunia moja. Hakuniuliza la nini. Alileta siku ya pili, akalitupa uani, sote tukageuka weupe hadi nyusi.

Fundi wa bati wa mtaani kwetu ni mzee mwenye maneno mengi. Nilimpelekea mchoro kwenye karatasi ili nisizungumze sana: mkebe wa samli ndani ya debe la mafuta ya taa, nafasi ya vidole vinne kila upande ijazwe unga, na kifuniko nacho kiwe na tumbo lenye unga. Akaugeuza juu chini.

"Hii ni nini, msomi? Debe lina mimba?"

Nikasema ndiyo, kwa kuwa sikujua la kujibu. Akacheka sana, lakini alipoelewa, wazo lililofuata lilikuwa lake. Alisema tukifunua kifuniko kila mtu anapotaka kikombe, joto lote litatoka na wa kwanza. Afadhali mfereji mdogo wa shaba chini, na mrija wake upite katikati ya unga. Mimi sikuwa nimeufikiria.

Tulijaribu nyumbani. Chai iliyotiwa saa moja asubuhi, saa sita mchana mama aliinywa kwa kupuliza.  Alipuliza tena, akanywa, akanitazama.

Asubuhi iliyofuata tulilipeleka yadini juu ya mkokoteni, na saa nne mfereji ukatoa chai ya uvuguvugu. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya sufuria.

"Debe kubwa, chai ya jana," alisema yule kuli wa sabuni. Nyapara alitikisa kichwa tu. Nilitaka ardhi inimeze.

Nyumbani niligundua kwamba debe limekuwa zito. Nikamuuliza mama alilifanya nini jana jioni.

"Nililiosha. Wewe ulitaka niwatilie watu chai kwenye chombo kichafu?"

Mama haoshi chombo kwa kitambaa. Kwake chombo hakijawa safi mpaka kizamishwe chote ndani ya karai mara tatu, kisha kipinduliwe kichuje. Ndivyo alivyofunzwa na bibi, na ndivyo anavyotufunza sisi. Fundi, kwa kubana risasi ya kuchomelea, alikuwa amekunja mishono tu bila kuiziba. Maji yakaingia, na unga ule hunywa maji kama ardhi ya kiangazi. Vitundu vilivyoshika hewa sasa vilishika maji.

Mama aliketi kwenye kibao. "Basi, sitaliosha," alisema polepole. "Nitalipangusa."

Nilijua hataweza. Angelipangusa siku mbili, ya tatu angeona haya mbele ya Mungu na wateja. Na nikaona, waziwazi kabisa, kwamba kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimechora debe bila kumfikiria atakayeliosha.

Tulifumua debe na kifuniko chake, nikauanika unga juu ya mkeka. Upepo wa ziwani ukaja, ukapeleka sehemu yake kwenye nguo za jirani zilizokuwa kambani.

"Binti," jirani aliita kutoka uani kwake, "mume wangu ataenda kazini amevaa chapati?"

Niliomba msamaha, nikafua upya nguo zote. Unga uliobaki niliukausha kwenye sufuria, kidogo kidogo, hadi ukawa mwepesi tena. Kisha nikarudi kwa fundi, na safari hii sikubeba karatasi. Kulikuwa na wanaume watano kibandani. Mbele yao wote nilisema achomelee kila mshono, na akimaliza tulizamishe kwenye pipa mbele yangu.

"Kama mpira wa baiskeli?" akauliza.

"Kama mpira wa baiskeli."

Mapovu yalitoka mahali pamoja, pale mrija unapopita. Alitia alama kwa msumari, akachomelea, tukazamisha tena. Maji yakatulia. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Huyu ni mkali kuliko mzungu wa reli," na fundi akajibu kwamba ana haki ya kuwa mkali.

Jioni mama aliliosha anavyotaka, mara tatu, debe zima ndani ya karai. Mimi nilisimama pale nikitazama bila wasiwasi.

Siku ya mwisho wa mwezi, saa nne, nyapara alijaza kikombe mwenyewe. Alipiga funda kubwa kwa dharau, kisha akabaki mdomo wazi akijipepea kwa kofia. Makuli walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Nani amekutengenezea hii?" alimwuliza mama, machozi yakimlenga.

 Mama alinigeukia, akangoja. Nikasogea mbele, nikaanza kumweleza juu ya yale maganda ya ziwani, na watu wakasimama na vikombe mikononi, wanasikiliza. Nilieleza mpaka mwisho. Kisha nyapara akamwambia mama aendelee kuuza chai mahali pake.