Ligi Isiyo na Filimbi

Hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, ninakoishi tangu nistaafu ualimu, kuna kiwanja nyuma ya nyumba ambapo wasichana wa chuo huja kucheza voliboli kila Jumamosi. Wana refa, refa ana filimbi, na filimbi hiyo hunitoboa masikio kuanzia saa tisa mpaka jua linapoanza kushuka. Sina ugomvi na wasichana. Ugomvi wangu ni na filimbi. Ikilia tu, wote wanamgeukia refa awaambie nani kakosa, na aliyekosa ndiye anayebisha kuliko wote. Sisi tulicheza ligi nzima bila filimbi. Wajukuu wangu hudhani natunga, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Nilikuwa nasomea ualimu katika chuo cha misheni nje kidogo ya Embu, wasichana wasiozidi arobaini katika mabweni mawili, la juu na la chini. Mimi nilitoka Kibirichia, kule Meru juu, kwenye viazi na baridi ya kukata masikio. Kwenda nyumbani kulihitaji pasi ya kutoka wilaya moja kuingia nyingine, na kila nilipoomba pasi nilijibiwa ningoje. Nilingoja. Likizo mbili zilipita nikiwa chuoni, nachambua maharagwe na mpishi, wenzangu wa karibu wakienda na kurudi na ndizi zao.

Dawati langu nililichangia na msichana wa Kiambere, chini kule Umbeere, mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa ameokoka. Waliookoka wakati ule hawakuwa watu wa mchezo. Jumapili baada ya chakula cha mchana walikutana ukumbini, na kila mmoja alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake ya wiki kwa kinywa chake: nimeiba sukari kijiko kimoja, nimemchukia fulani kwa sababu ya viatu vyake. Mimi nilikaa nyuma nikisikiliza kama mtu aliyekuja sinema. Yeye hata dhambi hakuwa nazo za kutosha. Mara nyingi alisimama, akafikiri, akashukuru, akaketi.

Mwanzo wa muhula wa pili mkuu wa chuo, Mzungu mmoja mwembamba tuliyemwita Bibi Mkuu, alipokea mpira kutoka kwa wafadhili wa kwao. Mpira tu, hakuna wavu. Rafiki yangu akasema wavu si kitu. Alikata mkonge nyuma ya jiko, akaukwangua, akausokota pajani kama bibi yake alivyomfundisha kusokota nyuzi za kiondo, na wiki tatu baadaye tulikuwa na wavu uliofungwa fundo kwa fundo. Aliujua wavu ule kuliko alivyoujua mkono wake. Mtu akiugusa upande wa kushoto, yeye akiwa kulia ameupa mgongo, alijua.

Mchezo wa kwanza kabisa ulidumu kama dakika nne. Mpira ulitoka nje, Bibi Mkuu akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, na kutoka kambi iliyokuwa ng'ambo ya bonde homugadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, wakateremka mbio na mikuki na pinde, mmoja na bunduki, kwa maana kwao filimbi ilikuwa ishara ya kuvamiwa. Tulilala chini wote, nyuso kwenye majani. Mkubwa wao alifika anahema, koti limefunguka.

"Nani amepiga filimbi? Nani?"

Bibi Mkuu aliinua mkono. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kuona Mzungu akimwinulia mkono Mwafrika, na sikuthubutu kucheka mpaka usiku. Yule mkubwa alichukua filimbi akaitia mfukoni, akasema mambo mengi kuhusu akili za watu waliosoma, akaondoka.

Kesho yake ilikuja barua kutoka ofisi ya Bwana DC, mkuu wa wilaya. Mkusanyiko wa watu wengi kiasi kile ungeruhusiwa kwa sheria zilizoandikwa, zikapelekwa ofisini, zikapigwa muhuri. Bibi Mkuu alinipa mimi kazi ya kuziandika, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko mwandiko.

Niliandika kwamba timu zitakuwa nne, mbili za kila bweni, watu sita kila upande, na atakayekaa kutazama ataketi chini, asisimame. Niliandika kwamba hakuna nyimbo za lugha ambayo homugadi hawaielewi, jambo lililomaanisha tushangilie kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu wakati ule kilikuwa cha kuhurumiwa. Mchezo utakwisha saa kumi na moja na nusu kengele ya chuo ikilia, watu waingie ndani kabla ya kafyu, na aliye mbele kwa pointi wakati huo ndiye mshindi. Na filimbi isipulizwe hata kidogo. Hapo nikakwama. Bila filimbi refa atafanya nini? Kitambaa chekundu tuliogopa, maana nacho kingeweza kuonekana ng'ambo ya bonde kama ishara.

"Kila mtu ajitaje," rafiki yangu alisema. "Umegusa wavu, unainua mkono. Umekanyaga mstari, unainua mkono. Mpira unaenda upande ule mwingine, basi."

"Na kama mtu amegusa na amenyamaza?"

"Wavu ukitikisika na mkono haujainuka, tunarudia huo mpira."

"Si tuseme tu, aliyemwona mwenzake amwonyeshe?"

Alivuta karatasi upande wake. "Andika hivi: hakuna mtu ataonyesha mwingine kidole. Hata kama amemwona."

Nilijua sababu, ingawa alinieleza mara moja tu. Baba yake alikuwa fundi wa mbao mjini Embu. Asubuhi moja wanaume walipangwa mstari, akapitishwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, na mtu yule alipofika kwa baba yake akanyoosha kidole. Baba akapandishwa lori. Hakuwa amerudi. Hawakujua gunia lile lilimficha nani, na hilo, aliniambia, ndilo lililomchosha mama yake kuliko yote, kwa sababu alilazimika kuwasalimia watu wote.

Niliandika kama alivyosema. Bwana DC alipiga muhuri.

Basi tukacheza. Mtu asiyecheza kwa sheria zile hawezi kujua utamu wake. Mwanzoni mikono ilipanda kwa aibu, usawa wa kidevu. Kufikia mechi ya tatu ilikuwa inapanda hadi juu, na wengine waliifurahia mno, wakainua hata pasipo na kosa ili waonekane watakatifu. Mpishi alikuja kutazama akasema hajawahi kuona vita ambavyo kila askari anajifunga mwenyewe.

Karibu na mwisho wa ligi mambo mawili yalitokea wiki moja. Bibi Mkuu alitangaza kwamba timu itakayoshinda itapelekwa kwa lori la chuo hadi Meru, kucheza na wasichana wa chuo cha kule, na pasi ya safari ingetolewa kwa watu sita na mwalimu mmoja. Siku mbili baadaye nikapata barua ya kaka yangu. Macho ya Mama, aliandika, yalikuwa yanaingia ukungu. La kushoto halikuona tena, la kulia lilibagua mwanga na sura ya mtu aliye karibu. "Mama anasema uje akuone kabla halijafunga." Niliisoma dawatini, rafiki yangu akaisoma begani kwangu, nami sikuificha. Niliomba pasi siku hiyohiyo. Nikajibiwa ningoje.

Fainali ilikuwa baina ya timu yangu ya bweni la juu na timu yake ya bweni la chini.

Siwezi kusimulia mchezo wote, na anayeweza kukumbuka mchezo wote baada ya miaka hii ni mwongo. Nakumbuka seti ya tatu, kumi na tatu kwa kumi na tatu, na mpiga kengele amesimama tayari, mkono kwenye kamba. Sisi tulikuwa tunaanzisha mpira, na wakati ule upande unaoanzisha ndio pekee uliopata pointi. Mpira ulivuka, ukarudi, ukavuka, ukarudi, mtu wetu akaninyanyulia. Niliruka. Niliupiga ukaangukia ndani kwao, na nilipokuwa nashuka mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi kidole, ulikwangua wavu.

Wavu ulitikisika toka mti mmoja hadi mwingine. Kila mtu aliuona. Wakangoja mkono.

Nilitaka kuinua. Nasema kweli, niliutafuta mkono wangu. Nilichokiona ni jicho la Mama la kulia. Nikiinua, mpira unakwenda kwao. Nikinyamaza, unarudiwa, na kengele hii hapa. Nilisimama kama gogo, na mbele yangu, ng'ambo ya wavu alioufuma yeye mwenyewe, alisimama rafiki yangu akinitazama. Alikuwa hatua mbili nzima kutoka kwenye wavu. Akainua mkono.

"Ni mimi," alisema.

Pointi ikawa yetu. Kengele ikalia. Wenzangu walinibeba, nikacheka pamoja nao, na nilipotazama nyuma alikuwa anaufungua wavu mtini, fundo moja moja, ili umande usiuharibu.

Hatukuzungumza juu yake. Tuliazimana wino, tukasahihishana hesabu. Jumapili iliyofuata waliookoka walipokutana hakusimama. Jumapili ya pili pia hakusimama, wala hakuimba. Watu wakaanza kunong'ona kwamba msichana wa Kiambere amepoa, na kwa waliookoka hakuna neno baya kuliko hilo. Mimi nilikaa nyuma na woga wangu, nikimshukuru moyoni kwa kunyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa aibu. Nilikuwa mjinga.

Lori liliondoka Ijumaa alfajiri, likazunguka mlima kwa mito yake yote, na tulisimamishwa kila kizuizi tukahesabiwa. Jumamosi mchana, pembeni ya kiwanja kule Meru, kaka yangu, niliyekuwa nimemwandikia habari za safari, alikuja ameshika mkono wa mwanamke aliyetembea akiinua miguu juu mno. Walikuwa wametoka Kibirichia jana yake. Nilimkimbilia. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza kwenye jua, akanisogeza hadi pumzi zetu zikagusana.

"Mwana wakwa, mwanangu," alisema. "Kumbe umeota paji la uso la baba yako." Akaendelea kunitazama. "Usilie, unaniharibia. Nataka nikuone bila machozi."

Nikajikaza asije akapoteza bure mwanga uliobaki.

Mechi tulipigwa vibaya. Niliinua mkono kwa kila kitu: wavu, mstari, nywele zangu, kivuli changu. Mwalimu aliniuliza kama naumwa. Mama, ambaye kaka alikuwa akimsimulia mchezo, aliniuliza baadaye mbona wa kwetu ndiye aliyekuwa akitajwa kwa makosa yote. Alinipa kiondo cha viazi na nusu yake akaitenga kwa majani, "vya yule rafiki yako unayemwandika kwenye barua." Nililia nyuma ya lori, hapo akiwa hawezi kuniona.

Jumapili jioni tulirudi, na Jumapili iliyofuata nilikaa mahali pangu pale nyuma ya ukumbi. Rafiki yangu alisimama wa kwanza.

"Nimekaa na uongo wiki nne," alisema. "Nilisema nimefanya jambo, na sikuwa nimelifanya. Naomba Mungu anisamehe, na nyinyi."

Bibi Mkuu alikuwa ameketi mbele. "Jambo gani, mwanangu? Na kwa nini ungoje wiki zote hizo?"

"Hilo lina mtu mwingine ndani yake, Bibi. Kwenye sheria tulisema kila mtu ni kwa mkono wake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Angesema Jumapili ya kwanza, safari ingefutwa. Angesema ya pili, vilevile. Msichana huyu aliyeogopa uongo kuliko moto aliubeba mwenyewe, akaitwa aliyepoa, akangoja lori langu liende na lirudi. Na sasa, akiwa na haki yote ya kunitaja, hakugeuza hata kichwa nyuma.

Mkono wangu ulikuwa mzito, lakini ulipanda, juu kabisa, kiwiko hadi kidole.

"Ni mimi niliyegusa wavu," nilisema. "Mimi."

Walifuta ushindi wetu, kama ilivyostahili, na jina la bweni la chini likaandikwa kwenye karatasi ya ligi kwa mwandiko wangu mwenyewe. Wenzangu wa timu hawakunisemesha mpaka mwisho wa muhula. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile, watu walipokuwa wanatoka, yeye alikuja akaketi kando yangu kwenye benchi la nyuma. Nilijiandaa kumwomba msamaha, na nilikuwa na maneno mengi tayari. Hakuningoja nianze.

"Mama yako alikuona?" aliuliza.

"Aliniona."

"Haya," akasema, akanishika mkono, na tukaenda jikoni kuchemsha viazi.