Mafuta ya Mama Kwenye Kamera ya Wilberth

Mimi ndiye ninayejaza mitungi ya hewa kwenye duka la wapiga mbizi la Don Eladio, hapa kisiwani Cozumel, na huu ni mwaka wa kumi na sita. Kompresa inanguruma tangu alfajiri, kwa hiyo mtu akitaka kuniambia kitu lazima apige kelele. Mdogo wangu Wilberth Uicab alinipigia kelele miezi mitatu mfululizo, zote za jambo moja tu: anunue kamera gani.

"Dada! Hii ina kasha la alumini! Inashuka mita mia!"

"Bei?"

"Kama nyumba ya Mama!"

"Basi inunue, ukalale humo ndani!"

Alikuwa na sababu yake, simnyimi haki. Mpiga video wetu wa zamani alioa akahamia Mérida, nafasi ikabaki wazi. Wilberth ameongoza wageni chini ya maji miaka kumi na tisa. Yeye ndiye anayewaonyesha kasa, yeye ndiye anayejua samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka, analala shimo gani, halafu mwenzake ndiye aliyekuwa akiwauzia video na kusifiwa. Aliitaka kazi ile mpaka akakonda. Don Eladio akamwambia wazi: "Njoo na vifaa vyako mwenyewe. Jumapili hii kuna wachumba kutoka Chile wanafunga ndoa chini ya maji. Video ikiwapendeza, kazi ni yako. Isipowapendeza, namchukua yule jamaa wa Cancún."

Wilberth akauza pikipiki. Hapo sasa kila mtu akageuka mtaalamu. Nahodha wetu, ambaye hajui hata kuweka saa kwenye simu yake, alimshauri kuhusu lenzi nusu saa nzima. Mwishowe nikazima kompresa, jambo ambalo silifanyi hata kwa mazishi.

"Wee Wilberth, umezama majini maisha yako yote na hili hulijui? Ukifika mita kumi na tano, hata ukijikata, damu yako inaonekana kijani. Hata ukinunua kamera ya mabilionea, kama huna taa utaleta video ya bluu tupu. Chukua ile ndogo ya kufungwa kwenye kofia za waendesha baiskeli, na kasha lake la plastiki. Pesa zote zilizobaki zitie kwenye taa."

"Na picha haitakuwa mbaya?"

"Kamera haina neno. Mikono yako ndiyo inayonitia wasiwasi."

Nilisema kwa ubaya, nakiri. Lakini na nyie msinionee. Huyu ndiye aliyemmwagia padri supu ya ndimu kwenye ubatizo wa mpwa wetu, bakuli zima, mapajani.

Basi akanunua kamera ndogo, taa mbili za maana, na chuma cha kuvishikilia chenye vishikio viwili. Akakitia kwenye maji, kikazama kama nanga. Akaenda hotelini kuomba vile vipande vya sponji vya rangi ya waridi ambavyo watoto wanaogelea navyo, akavikatakata, akavifunga kila upande. Kikaelea vizuri kabisa. Ila ukikitazama, ungedhani ni keki ya kuzaliwa ya mtoto wa waziri.

Kisha likaja suala la maji kuingia. Kasha lina mpira mmoja wa duara, mwembamba kama tambi, na huo ndio unaozuia bahari isikuletee hasara. Unapakwa mafuta yake maalumu, kidogo tu. Unalizamisha kasha tupu kwenye ndoo ukiwa umetia karatasi ya chooni ndani, karatasi ikitoka kavu, umepona. Wilberth alifanya hivyo mara moja, karatasi ikatoka kavu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Yeye akarudia mara kumi na moja, kwenye ndoo ya Mama, na kila mara akapaka mafuta upya. Jumapili asubuhi kichupa cha mafuta kikawa kitupu, na maduka yote yamefungwa.

Jumapili, kwetu, Mama anafukua nguruwe wake shimoni. Nguruwe amelala humo akiiva usiku kucha kwenye majani ya mgomba, kapakwa achiote, kile kiungo cha mbegu nyekundu, mpaka kawa mwekundu, na juu ya sufuria kuna mafuta yanayometa. Nikamwona Wilberth kachovya kidole.

"Wilberth, unafanya nini?"

"Mafuta ni mafuta, Dada."

Ningemzuia. Haki ya Mungu ningemzuia, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa nyama. Akapaka mpira, akapaka ukingo, kidole hakijaisha mafuta akakifutia kwenye kasha. Tukaenda.

Mimi nilibaki kwenye boti na mitungi ya akiba. Wakashuka wote: bwana harusi kavaa tai juu ya nguo ya kuzamia, bi harusi na shela lililoshonewa vipande vizito vya risasi lisipande juu, Don Eladio kama mfungisha ndoa, na Wilberth na keki yake. Baada ya dakika arobaini wakaibuka. Bi harusi hana shela. Bwana harusi ana pezi moja tu mguuni. Wilberth alikuja wa mwisho, uso kama wa mtu aliyesomewa hukumu.

"Kazi imekwenda, Dada."

"Kwani kumetokea nini?"

"Wamekuja."

"Nani?"

"Wote."

Don Eladio akavua miwani yake ya kuzamia, akaitupa kwenye sakafu ya boti. Akataka kuiona video palepale. Kasha halifunguki! Yale mafuta ya nguruwe yalikuwa yameuvimbisha mpira mpaka ukabana mfuniko. Akavuta Don Eladio, akavuta nahodha, bwana harusi akaliweka chini akalikanyaga na lile pezi moja. Wapi! Nikawaambia kuna mtu mmoja tu kisiwani anayeweza kulifungua, na kwa vile ilikuwa saa ya chakula hakuna aliyebisha.

Mama alilipokea kasha bila kuuliza ni nini. Akalifuta kwa kitambaa chenye chumvi, akaligonga mara mbili kwenye ukingo wa jiko, akapenyeza kisu cha kumenyea machungwa. Tak! Likafunguka, ndani kukavu kabisa. Tukaunganisha na televisheni, sahani mapajani.

Jamani. Samaki wenye mistari walikuja kwanza, mamia, wamefuata harufu ya nguruwe wa Mama, wakitafuna kioo. Mkunga akapita na shela. Halafu akaja chewa, babu wa machewa, mdomo kama mlango wa gereji, akaimeza kamera. Tukaona koo. Koo jekundu, safi, limemulikwa na taa mbili zilizomeza pesa za pikipiki nzima. Nahodha alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa aibu ya ndugu yangu.

Chewa akaitema kamera. Na pale pale, katikati kabisa ya picha, bi harusi anamvisha mwenzake pete, mapovu yakimtoka kwa kicheko.

"Rudisha hapo," Don Eladio akasema.

Wilberth akarudisha, kainamisha kichwa.

"Rudisha tena." Don Eladio akaweka sahani chini. "Ana chewa mzima kwenye mikono. Mzima! Na picha haijatikisika hata kidogo. Wilberth, wewe umeumbwa na nini?"

Ilikuwa kweli. Vurugu yote ile, samaki wanapigana, mtu anapoteza pezi, na picha imetulia tuli. Niliona haya, nawaambia. Miaka yote nimembebesha supu ya padri.

"Sisi tunaichukua," bi harusi akasema. "Yote. Koo lisikatwe."

"Kesho saa moja kamili, dukani," Don Eladio akamwambia Wilberth. "Na mpira ubadilishe. Ila hayo mafuta uje nayo kwenye kikopo."

Mama naye hakuwa amesikia lolote, alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa televisheni, mwiko mkononi. Miaka kumi na tisa anawasha mshumaa kila mwanawe anaposhuka, na hajawahi kuona anakokwenda. Akagusa, pale kwenye picha, kioo cha miwani ya kuzamia ya bwana harusi. Mle ndani ya kioo alionekana mtu mdogo kama punje, mwenye vipande vya waridi kila upande, kashika vishikio viwili, hatikisiki.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

Akajifuta macho kwa aproni, akamtazama tena yule wa kwenye kioo.

"Na hukunyoa," akasema. "Harusi ya watu, na hukunyoa."