Maziwa Yaliyohukumiwa

Nilipokuwa mtoto bado wa kutumwa maji na kuni, katika kijiji cha Wapimbwe kisicho mbali na Kibaoni, niliogopa kifua cha mama yangu. Ninaliandika neno hilo kwa uzito wake wote. Mahali ambapo mimi mwenyewe nilishiba, mahali kama pale ambapo Hana alimlaza Samweli kabla ya kumpeleka nyumbani mwa Bwana, nilifundishwa kupatazama kama mtu atazamavyo shimo lenye nyoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, majira ya mpunga kuchanua. Baba alikuwa kambini kwa wavuvi, Ziwa Rukwa. Mdogo wangu Baraka, ambaye hata jino hakuwa ameota, alianza kuhara. Macho yake yakadidimia, utosi ukabonyea. Bibi, mama yake baba, aliyempenda mtoto yule kuliko nafsi yake, alikaa mlangoni mchana kutwa akimtazama mama. Kisha akasema.

"Mama Neema, mtoto huyu amebemendwa."

Neno hilo lilitosha kuvunja nyumba. Iliaminiwa kwamba mwanamke anyonyeshaye akilala na mwanamume wa nje, uchafu wa tendo lile huingia katika maziwa, na mtoto hukauka kama mche uliomwagiwa maji ya moto. Mama alikuwa amekwenda gulioni kuuza mchele. Ni hilo tu. Lakini ulimi, ambao mtume aliufananisha na moto, ulikuwa umekwisha kupata kuni.

Palikuwa na desturi ya kuyapima maziwa. Mama hukamua kidogo katika kijiko, kisha sisimizi hutiwa humo. Akitoka hai, maziwa ni safi. Akifa, mwanamke amehukumiwa. Nilitazamia mama akatae, lakini hakukataa.

"Mleteni huyo sisimizi," alisema, akifungua vifungo vya blauzi. "Mungu ananijua."

Nimeyatafakari maneno hayo miaka mingi. Katika torati, mwanamke aliyeshukiwa alinyweshwa maji ya uchungu mbele ya kuhani, naye mama, aliyelelewa kanisani, aliamini kwamba Bwana angejibu vivyo hivyo jikoni kwetu. Alidhani Mungu amejifunga ndani ya kijiko. Sisimizi alipiga miguu, akazunguka, akatulia. Mdudu yule hajui kuogelea katika maziwa ya mwema wala ya mwovu, ila siku ile hakuwapo wa kulisema hilo.

Bibi alijifunika uso kwa kanga. "Titi limekwisha kuoza," alisema. "Mtaona kwa macho yenu. Litavimba, litapasuka, litatoa uchafu wake. Na mtoto tusipomwondoa atakufa." Akamtwaa Baraka, akaanza kumpa maji na uji mwepesi wa mahindi.

Kila Baraka alipolia chumba cha pili, maziwa ya mama yalichuruzika yenyewe, yakailowesha blauzi hadi kiunoni. Mwili wake ulimwitikia mtoto ambaye mikono yake ilikatazwa kumgusa.

Jirani yetu Mama Kulwa, Msukuma ambaye familia yake ilikuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, alifika kurudisha ungo, akasimama kusikiliza.

"Mnamficha mtoto kwa mama yake kwa nini?"

"Maziwa yameharibika," bibi alijibu.

"Eh! Kwetu ndama akizuiwa, na ng'ombe asipokamuliwa, kiwele kinavimba kama jiwe. Na ng'ombe huyo naye tuseme alikwenda gulioni?"

"Sisi si ng'ombe, Mama Kulwa."

"Basi afadhali ng'ombe, mama. Yeye hana mkwe wa kumpima."

Nilicheka, na bibi akanitazama kwa jicho kali. Mama hakucheka. Alikuwa ameuegemea ukuta, mkono umelikinga titi la kushoto.

Titi lile likavimba. Ngozi ikawa nyekundu, ikang'aa, na mtu angeweza kuuhisi moto wake kabla hajaligusa. Mama alitetemeka kwa homa chini ya mablanketi wakati jua limesimama utosini. Wanawake walikuja kuchungulia, wakatoka wakinong'ona. Nami niliamini. Nabii mmoja wa Israeli aliwaombea watu wake adhabu ya matiti makavu. Nikadhani sisi tumepewa iliyo mbaya zaidi, matiti yaliyojaa mauti. Kila alilolisema bibi lilikuwa likitimia mwilini mwa mama yangu, moja baada ya jingine, kama mtu apandaye ngazi.

Mama Kulwa alirudi na mkokoteni wa ng'ombe, na safari hii hakupiga hodi. "Atafia humu mkimwangalia," alisema, akamwinua mama kwa kwapa. Bibi alipanda nyuma akiwa na Baraka kifuani, kwa kuwa hakukubali kumwacha kwa yeyote, nami nikapanda naye.

Katika kituo cha afya, muuguzi alilibonyeza titi taratibu, mama akapiga yowe.

"Hili ni jipu la titi," alisema. Alitueleza huku akiandaa vyombo. Ndani ya titi mna tezi zinazotengeneza maziwa, na mirija myembamba inayoyaleta hadi kwenye chuchu. Mtoto asiponyonya, maziwa hulala, mirija huziba, titi huvimba. Chuchu ikiwa na mpasuko, vijidudu huingia na usaha hujikusanya. "Nani alimwachisha mtoto?"

Bibi alimkaza Baraka kifuani. Muuguzi alimgeukia Baraka, akaibana ngozi ya tumbo lake. Ikabaki imesimama kama nguo iliyokunjwa.

"Kuhara kunatibika. Ila mtoto anayehara ndiye wa kunyonyeshwa zaidi. Mpeni titi la kulia, lililo zima, sasa hivi, huku natafuta mshipa wa kuwekea dripu."

Niliitazama mikono ya bibi. Kwake yeye, kumpa mtoto lile titi kulikuwa sawa na kumpa sumu.

"Mama," mama yangu alimwambia bibi kutoka kitandani, "nipe mwanangu."

Bibi akampa. Baraka aliipokea chuchu midomoni, lakini nguvu ya kuvuta ilikuwa imemwishia. Maziwa yalilowesha midomo yake, yakateremka shavuni. Alikata roho kabla jua halijatua, mshipa ukiwa bado haujapatikana.

Jipu lilipasuliwa, mama akapona, tukarudi nyumbani kuzika. Kijiji kilikuwa kinatungoja. Watu waliulizana: je, titi halikuvimba? Halikupasuka? Mtoto hakufa? Habari zikamtangulia baba njiani, hata alipofika alisimama uani na furushi la samaki wakavu likiwa bado begani.

"Mama," alimwuliza bibi, "ni kweli niliyoambiwa?"

Mama yangu alikuwa ndani, kifua kimefungwa bandeji, akisikia kila neno. Jina lake na ndoa yake vilining'inia katika kinywa cha yule aliyemhukumu. Bibi alikuwa na kijiji kizima upande wake, na ishara zote zilikuwa zimetimia. Alisimama, akajifunga kanga yake upya.

"Alikufa kwa njaa, baba," alimwambia mwanawe. "Maziwa yalikuwapo, tena yalikuwa safi."

Baba alilitua furushi, akainama, akaingia ndani kwa mkewe.

Siwezi kusema kwamba upendo humfanya mtu asiwe na hatia. Mtoto alikufa, na dhambi ya kutojua ina mauti yake. Lakini namkumbuka yule nabii aliyekasirika Mungu alipouhurumia mji, kwa sababu neno lake halikutimia. Unabii wa bibi ulitimia wote, naye akaukana mbele ya mwanawe ili mwanamke mwingine apate kuishi. Kama hiyo ni toba kamili, anajua Bwana. Ninachojua mimi ni kwamba siku ile mama alipata usingizi, kwa mara ya kwanza tangu maziko.