Kivumbasi cha Mlangoni kwa Mideva

Sellah alijifunza kuosha maiti kabla hajajua kupika. Nyanyake, pale kijijini Malinya, ndiye aliyeitwa kila mwanamke alipofariki, na alimchukua Sellah ambebee kapu la kivumbasi, majani yale ya harufu kali ambayo kwetu tunayaita mwonyi. Watu wengine waliyafikicha na kuyanusa wakishikwa na mafua, au waliyatafuna tumbo likiuma, au waliyachoma juu ya makaa kufukuza mbu. Nyanya aliyachemsha akaosha nayo wafu, kisha akatandika mabichi chini ya mwili ili ukae siku mbili tatu ukingoja jamaa wa mbali. Nyanya mwenyewe alipokufa, Sellah ndiye aliyemwosha. Kuanzia siku hiyo kapu likawa lake.

Hakulipenda. Wafu hawakumsumbua, waliomsumbua ni wazima. Akiingia nyumba yenye mgonjwa, wenyewe walinyamaza. Akipakata mtoto mchanga, mama yake alinyoosha mikono kumchukua, akisingizia kwamba ana njaa. Sellah alipoharibikiwa na mimba mara ya pili, mama mkwe alisema mbele ya watu kwamba tumbo haliwezi kushika uhai ikiwa mikono inashika mauti. Kwa hiyo mwaka wa 1964, mumewe Patroba alipopata shamba katika ardhi ya walowezi iliyogawiwa kule Lugari, Sellah alifunga mizigo yote kwa siku moja.

"Huko hakuna anayekujua," Patroba alimwambia. "Wewe nyamaza tu."

Akanyamaza. Shamba lao lilikuwa upande wa Chekalini, na jirani wa karibu alikuwa Mideva, mwanamke wa Maragoli ambaye mumewe, Onesmus, alifanya kazi ya reli Nakuru. Mideva aliishi na binti yake Musimbi, msichana wa miaka kumi na tisa aliyecheka hata akiwa anapalilia. Kando ya mlango wao kilisimama kichaka cha kivumbasi. Mideva alikuwa ameubeba mche wake kutoka kwao ndani ya kopo la mafuta. Siku ya kwanza Sellah alipokwenda kuwasalimia, harufu ilimpiga puani, akasema ana haraka, akarudi nyumbani.

Lakini Mideva hakuwa mtu wa kuachwa. Alimletea mboga, akamwonyesha mahali pa kuchota maji safi, na kabla ya mwaka kuisha walikuwa wakilimiana mashamba kwa zamu. Walipovuna, wadudu waliingia katika ghala la Sellah, mahindi yakaanza kutoka unga. Musimbi akaja na mzigo wa matawi mabichi kichwani.

"Mama anasema uyatandaze katikati ya mahindi," alisema. "Sisi ndivyo tunavyofanyanga. Hakuna mdudu atakayekaa."

Sellah alishukuru. Musimbi alipoondoka, aliyachukua matawi yale na kwenda kuyatupa nyuma ya choo. Hangeweza kula chakula kilicholala juu ya majani yale. Siku tatu baadaye Musimbi alipita njia ya huko, akayaona yamekauka pale pale. Akaenda kumweleza mama yake. Tangu hapo Mideva alimsalimia Sellah akiwa mbali, na zamu ya kulimiana ikafa. Mara mbili Sellah alifika nusu ya njia akitaka kwenda kueleza, na mara mbili akarudi. Angeeleza nini bila kusema yote?

Mwezi wa nne mvua zilianza, na Musimbi akashikwa na homa. Mideva alimchemshia kivumbasi, akamfunika blanketi avute mvuke, lakini homa haikushuka. Siku ya tano walimlaza juu ya mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka zahanati Lumakanda. Gurudumu likazama matopeni kabla ya mto. Musimbi alikata roho hapo, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake.

Simu ya maandishi ilipelekwa Nakuru. Baba lazima afike amwone binti yake kabla hajazikwa, na kwa barabara zile hakuna aliyejua angefika lini. Majirani walikusanyika. Sellah aliketi nyuma kabisa. Asubuhi ile alitambua jambo ambalo hakuwa amelifikiria: karibu kila aliyekuja Lugari alikuwa kijana. Wazee walibaki nyumbani, na wale kina nyanya wanaojua la kufanya walibaki nao. Hili lingekuwa kaburi la kwanza katika sehemu ile. Wanawake walitazamana, kila mmoja akimngojea mwenzake. Cherotich, jirani kutoka Nandi, alisema taratibu, "Mimi sijawahi kushika mtu aliyekufa. Naogopa." Hakuna aliyemlaumu.

Kufikia adhuhuri nzi walikuwa wameanza. Mideva alikuwa akiwafukuza kwa kanga, bila kupumzika, bila kulia.

Sellah aliinuka, akapiga magoti mbele yake. "Dada, naomba majani yako."

"Ya nini? Si uliyatupa?"

"Niliyatupa kwa sababu kwetu kazi yake ilikuwa hii. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaosha. Niache nimtunze mpaka baba yake afike."

Mideva aliacha kufukuza nzi. Kisha akaonyesha kichaka cha mlangoni kwa kidevu.

Sellah alikivunja kichaka karibu chote. Alichemsha sufuria mbili, akawatoa watu, akafunga mlango. Kwa siku mbili alikaa na Musimbi, akibadilisha majani yaliponyauka. Onesmus alipofika, matope yamemjaa hadi magotini, alimkuta binti yake kama aliyelala. Walimzika jioni hiyo hiyo.

Kesho yake Mideva aling'oa shina la kivumbasi na mizizi yake.

Yale ambayo Sellah aliyakimbia Malinya yalimfikia. Kwenye kilimo cha pamoja wanawake waliacha kuchota uji katika chungu alichogusa. Alimwomba Patroba warudi kwao.

"Kwa nani?" Patroba aliuliza. "Ardhi yetu kule alishaichukua kaka yangu. Hapa ndipo kwetu, wakupende wasikupende."

Mwaka ukapita hivyo. Halafu siku moja, Sellah akianika mahindi, Mideva alikuja akaketi kwenye ukingo wa mkeka. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja kuuliza," alisema. "Wewe ndiye uliyekaa naye siku zile mbili. Nilikuwa nje. Alikuwaje?"

Sellah aliacha kazi. Angeweza kusema uongo mzuri, lakini nyanyake alishamkataza. "Midomo ilikuwa imepasuka kwa homa," alijibu. "Niliipaka samli. Nywele zilikuwa zimesokotana, nikazifungua, nikazisuka upya, mistari minne. Na kisiginoni mwa mguu wa kushoto kulikuwa na mwiba. Nikautoa kwa sindano."

Mideva alifunika uso. "Alinionyesha ule mwiba. Nikamwambia auache, utatoka wenyewe." Ndipo akalia, kilio ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia siku ya mazishi. Sellah hakumgusa. Alisogea tu, magoti yao yakakaribiana, wakakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mkeka.

Hawakurudi kuwa marafiki kama mwanzo. Mideva hakula kwa Sellah tena, wala Sellah hakumwalika. Lakini wengine walianza kumwita, kwanza watu wa Chekalini, kisha hata wa karibu na Lumakanda, kila palipokuwa na msiba na jamaa wa mbali wa kungojewa. Patroba alinung'unika, kisha akazoea. Sellah naye hakuwahi kuupanda mmea ule katika boma lake; aliyachuma majani popote alipoitwa. Na siku alizokuwa hayupo, Mideva alivuka ua, akamkamulia ng'ombe, akaacha maziwa mlangoni, akarudi kwake bila kungoja shukrani.