Mama Mkwe Alimjua Muuaji Kabla Yangu

Mimi husoma riwaya za upelelezi kwa majigambo. Nikifika katikati nafunga kitabu, namtaja mhalifu kwa sauti, kisha naendelea ili kuhakikisha tu. Kwa hiyo dada yangu aliponitumia sehemu ya pili ya hadithi ya binti mwenye maono, kwa basi kutoka Mbulu hadi kwangu Basotu, sikuwa na shaka kwamba nitashinda.

Shule ninayofundisha ilikuwa imefunga, na mama mkwe alikuja kukaa nasi. Ni mfugaji tangu utoto. Kiswahili alijifunzia mnadani. Kusoma hakuwahi kufundishwa. Siku ya kwanza tu alinikuta nimeacha maharage yaungue.

"Mwanangu, hicho kitabu kina nini?"

Nikamweleza. Zamani, enzi za misafara ya pembe, alikuwepo binti wa mhunzi. Akishika kitu cha marehemu, anaona saa zake za mwisho. Katika kitabu cha kwanza alimpata aliyemuua baba yake. Sasa mtemi amekufa baada ya kunywa maziwa, na binti ameletewa kibuyu akishike.

Nilidhani atacheka. Akavuta kigoda. "Soma."

Nikawa namsomea kila mchana, maneno magumu nayafafanua. Maono hayakumshangaza hata kidogo. Alichotaka kujua ni kama binti anapewa nafasi ya kupumzika baada ya kuona, maana shangazi yake mmoja aliyeona mambo alikuwa akilala kutwa nzima.

Katikati ya kitabu nikafunga. "Ni mdogo wake mtemi. Anataka kiti."

"Siyo huyo," akasema. "Rudia pale anaposhika kibuyu."

Nikarudia. Binti anaona mkono wenye bangili ya shaba ukimimina maziwa. Ananusa maziwa na ngozi ya mbuzi, basi.

"Moshi uko wapi?"

"Moshi gani, Mama?"

"Kibuyu cha maziwa kinafukizwa kwa kaa la moto. Nyumba yoyote yenye ng'ombe inajua. Hicho hakijafukizwa. Aliyekiandaa hakukulia kwenye ng'ombe. Huyo mdogo wa mtemi anao wangapi?"

"Mia mbili."

"Basi mwache."

Nilibisha. Kwetu Tlawi tulikuwa na ng'ombe wawili wa kufungia bandani, na maziwa tuliweka kwenye sufuria. Nikamwambia mwandishi amesahau tu kuuandika huo moshi. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyejumlisha vibaya.

Siku ya nne tukafika mwisho. Muuaji alikuwa mgeni aliyejifanya mfugaji kutoka mbali, kumbe mchuuzi wa chumvi. Binti alimnasa kwa kibuyu kisichonuka moshi. Nilipiga kelele, nikasimama, nikamwonyesha ukurasa kana kwamba angeweza kuusoma. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sijawahi kushindwa kwa raha namna ile.

Juma lililofuata nilimkuta bombani akiwasimulia wanawake wenzake kwa lugha yao, ambayo naielewa nusunusu. Katika kitabu, binti alizawadiwa shanga. Katika simulizi la Mama alipewa mitamba kumi na wawili, na kila mmoja Mama alimtaja kwa rangi yake. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo," nikasema, nikatega ndoo.